Kiti cha Nyuma

Mimi, Mwanaima wa Mwabungo, si mtu wa kukaa. Nina cherehani, nina wajukuu, nina mahamri ya kukaanga kila alfajiri. Mtu akiniambia nikae kitako masaa matano nimtazame mwanamume mzima akitazama kioo, nitamuuliza kwanza kama ana homa. Lakini Alhamisi ile ya Novemba, mwaka wa tisini na tisa, nilikaa. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimemkosea jirani yangu Mbithi, na ile ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kulitengeneza lile kosa.

Mbithi ni Mkamba, wa wale waliopewa mashamba Shimba Hills zamani, kisha kazi ikamteremsha huku pwani. Ni mrefu, mwembamba, na mpole kiasi cha kuudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayeomba radhi. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika uwanja mdogo wa ndege pale Ukunda. Msidhani alikuwa rubani. Alikata nyasi, alifukuza mbuzi na nyani njiani mwa ndege, na kila baada ya miezi sita alipanda mlingoti kubadilisha ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unatoka wapi. Marehemu mume wangu, Kibwana, alikuwa bawabu huko huko, kwa hivyo habari za Mbithi nilizipata nyumbani kwangu kila jioni, nitake nisitake.

Kibwana alikuwa akisema kwamba Mbithi ndiye mtu pekee Ukunda anayemtazama mwewe kama kazi. Akiona mwewe anazunguka juu bila kupiga bawa, alijua kwamba mahali pale hewa ya moto inapanda, na aliwaonya marubani kuwa wakipita hapo watarushwarushwa. Marubani walimsikiliza, watu wenye kofia na miwani ya jua, wakimsikiliza mkata nyasi. Lakini kupanda ndege yeye mwenyewe, hata siku moja hakupanda.

Nusura apande mwaka wa themanini na tatu. Rubani mmoja, mtu mwema, alikuwa amemwahidi kwa muda mrefu kwamba siku atakayokuwa na kiti kitupu atamchukua hadi Nairobi na kumrudisha kesho yake. Siku ikafika, Jumamosi. Mbithi alipiga pasi shati lake jeupe, akalikunja katika mkoba pamoja na sabuni na daftari, na mkoba ukapakiwa tangu asubuhi. Basi asubuhi hiyo hiyo likaja gari kutoka Shimba Hills limemlaza mama mkwe wake, Bibi Nzembi, tumbo limevimba, hawezi hata kunena. Daktari alikuwa amesema apasuliwe Nairobi, tena upesi. Kiti kilikuwa kimoja. Mbithi hakusema maneno mawili. Alimwambia Kibwana, "Mpakieni mama," kisha akaenda kujificha nyuma ya mapipa ya mafuta mpaka ndege ikapaa, na mkoba wake ukiwa ndani.

Mnashangaa kwa nini alijificha. Nami nilishangaa, nikamuuliza Kibwana. Wakamba wana jambo lao waitalo nthoni, yaani haya na heshima baina ya mkwe na mama mkwe. Hawatazamani uso kwa uso. Hawaketi chumba kimoja wakaelekeana. Akimwona anakuja njiani, mkwe huchepuka. Sisi Wadigo pia twamstahi mkwe, lakini si kwa kuingia vichakani. Siku hizi wengi wao wameliacha, na vijana wao hucheka na mama wakwe zao kama marafiki. Mbithi na Bibi Nzembi hawakuliacha. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na Mbithi ukimuuliza mama mkwe wake yuko vipi, atakueleza mwendo wake na sauti yake. Uso hana habari nao.

Yule rubani alihamishwa mwezi uliofuata, asirudi tena. Mkoba nao haukurudi. Mkewe, Kaindi, aliambiwa tu kwamba kulikuwa na nafasi, Mungu akajalia. Kiti kilikuwa cha nani, hilo Mbithi hakulisema, na mume wangu alikatazwa kulisema. Akaja kuniambia mimi, kwa sababu Kibwana hakuwa na mahali pengine pa kuweka siri.

Mwaka wa tisini na sita Mbithi alianguka kutoka kwenye ule mlingoti, nyonga ikavunjika. Iliungwa vibaya, akastaafishwa. Niliumia kumwona miaka ile. Alikaa barazani asubuhi mpaka jioni, fimbo katikati ya magoti, akitazama juu. Alikonda. Kaindi alikuwa akinong'ona kwangu ukutani kwamba mume wake hali, halali, na ukimuuliza anasema yuko sawa.

Aliyemwokoa ni binti yao Dianah. Alikuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na mwaka huo wa tisini na tisa mahoteli yalishikwa na wasiwasi kwamba kompyuta za zamani zitapata wazimu usiku wa kuingia mwaka elfu mbili. Hoteli yao ikaziuza kwa wafanyakazi. Dianah alinunua moja, akaileta nyumbani juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka. Pamoja nayo alileta kijiti cha kuongozea na sidii, vitu alivyovisahau mgeni chumbani. Hoteli iliviweka miezi sita, mwenyewe hakuvidai, wakampa aliyeviokota, na yule akampa Dianah.

Ndani ya ile sidii mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Lakini ndege zenyewe hazikuwa na injini. Nilimwambia Mbithi aidai hoteli ndege nzima. Akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aanguke, akanieleza kwamba ndege hizo ziko kweli duniani. Zina mabawa marefu, huvutwa juu na ndege nyingine kwa kamba, kisha huachwa. Baada ya hapo rubani hana kitu ila akili yake. Akitafuta hewa inayopanda na kuzunguka ndani yake, atapanda. Akiikosa, atashuka, na kushuka huko hakuna kubembeleza.

"Kama mwewe," nikamwambia.

"Kama mwewe, Bi Mwanaima," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimpenda sana siku ile, yule mzee mpumbavu.

Basi tukampoteza barazani, akahamia ndani. Kompyuta iliwekwa sebuleni kwa sababu soketi iko hapo tu, ukutani kando ya mlango wa mbele. Ukiingia kwa mlango huo unakutana naye uso kwa uso. Ukitoka jikoni unamwona mgongo. Kumbukeni hilo. Jikoni kwa Kaindi ni pangu kama kwangu, kwa hivyo mgongo ule naujua vizuri.

Sidii ilikuja na kijitabu ambacho Dianah alimtafsiria jioni kwa jioni. Kilisema kwamba marubani wa ndege hizo, wale wa kweli, wana nishani yao ya fedha, na ili uipate sharti utimize mambo matatu. Upande mita elfu moja juu ya pale ulipoachwa. Uende kilomita hamsini. Na ukae angani masaa matano bila kushuka. Mbithi akachukua daftari la shule, akalipiga mistari: tarehe, muda, kimo, abiria. Kila jioni alijaza. Mahali pa abiria alitia kistari.

Nilimuuliza, "Abiria wa nini, na ndege yenyewe ni ya kioo?"

"Hii ninayoendesha ina viti viwili," akasema. "Kimoja mbele, kimoja nyuma."

"Za kiti kimoja hazimo?"

"Zimo."

"Basi hicho cha nyuma ni cha nani?"

"Si cha mtu," akasema, akaendelea kuzunguka.

Mita elfu alizipata mwezi wa Juni. Kilomita hamsini alizipata Agosti. Alinyoosha fimbo yake juu akapiga dari, na Kaindi akaja mbio akidhani ameanguka tena. Yakabaki yale masaa matano, na hayo ndiyo yaliyomtesa. Alikuwa amejiwekea sheria kwamba hakuna kuisimamisha ndege hata dakika moja, ingawa kompyuta ina kitufe cha hivyo, kwa sababu angani hakuna kitufe. Mara ya kwanza alifika masaa matatu, stima ikakatika Mwabungo nzima. Mara ya pili alifika masaa manne na dakika kumi, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Niliingia kwa mlango wa mbele, sahani ya mahamri mkononi, nikapiga hodi kwa sauti yangu hii ambayo Mungu aliniumbia. Mtu mwingine angesema karibu huku ameketi. Mbithi hajui. Tangu nimjue, mgeni akiingia lazima asimame ampe mkono. Akaachia kile kijiti, akashika fimbo, akasimama, akanisalimia, akaniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Nikiwa ubavuni pake nikaona kiooni ile ndege inainamisha pua, inakwenda, inakwenda, mpaka kioo kikajaa majani. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Mwezi wa kumi na moja mambo yakabana. Dianah alikuwa anaolewa Jumamosi, na mumewe, kijana mmoja mpole aitwaye Kenga, anafanya kazi Malindi. Kompyuta ni ya Dianah, ameinunua kwa jasho lake, na kazi yake mpya huko inaitaka. Gari la kuchukua vyombo vyake lilikuwa linakuja Ijumaa asubuhi. Dianah alisema ataiacha. Baba yake akakataa katakata, na Mbithi akikataa kitu kwa upole wake ule, hata mfalme hambadilishi. Ikabaki Alhamisi.

"Kijitabu chasema kuwe na shahidi," aliniambia Jumatano. "Asiwe wa nyumba hii."

"Na shahidi hupewa nini?"

"Chai."

"Nitakuja na saa yangu ya kengele," nikasema. "Na mlango wa mbele nitaufunga mwenyewe kwa komeo. Akija mtu, atapambana na mimi."

Saa nne kamili asubuhi ndege ilivutwa juu, kamba ikaachwa, nami nikatega kengele ilie saa tisa. Mbithi hakuwa amekunywa kitu tangu alfajiri, na sababu mnaijua. Nilikaa ubavuni karibu na dirisha na nguo za wasindikizaji wa bi harusi mapajani, nikishona pindo. Kaindi alikuwa jikoni akichambua mchele.

Nitasema ukweli: mwanzoni ilinichosha. Kioo kinaonyesha nchi ya watu, mashamba ya kijani, mto, kanisa lenye mnara mrefu, na kila kitu kinazunguka polepole. Kuna kidude ndani kinacholia: ndege ikipanda kinalia haraka haraka kwa furaha, ikishuka kinanuna. Baada ya saa moja masikio yangu yalikuwa yamejifunza, na kikinuna nilijikuta nimeacha kushona. Adhuhuri nilikwenda kuswali chumbani, Kaindi akanishikia zamu ya kutazama. Niliporudi nilimkuta amesimama, mkono mdomoni. Ndege ilikuwa imeshuka hadi futi mia saba, na chini yake ni msitu mtupu.

"Msituni hakuna kitu," Mbithi alisema taratibu, kama anayesema na ng'ombe. "Msitu ni baridi. Niende pale." Pale palikuwa na shamba lililolimwa, udongo wa kahawia. Kidude kikanuna, kikanuna, kisha kikalia mara moja, kikanyamaza, kikalia tena. Akainamisha bawa, akaanza kuzunguka. Futi mia saba, mia nane, elfu. Nilipiga kigelegele. Kaindi akaniambia, "Dada, utamwangusha," lakini yeye mwenyewe alikuwa akifuta macho.

Saa saba na nusu Kaindi alitoka kwenda Ukunda kukutana na Dianah kwa manunuzi ya harusi. Tukabaki wawili. Saa nane ikapita. Nilikuwa nimeanza kuona fahari, kana kwamba ninaendesha mimi.

Saa nane u nusu lori la machungwa likasimama barabarani.

Nilichungulia dirishani. Bibi mmoja alikuwa anateremshwa, kiondo begani, kuku mkononi, akimwagiza dereva asikanyage breki ghafla njia nzima iliyobaki. Bibi Nzembi tulikuwa tunamtarajia Ijumaa jioni. Alikuwa amepata lifti, naye si mtu wa kuacha lifti ipite. Mbithi hakuweza kuona nje, lakini ile sauti aliijua.

"Ni mama," akasema. "Bi Mwanaima, niondoke."

"Uende wapi?"

"Nitoke kwa jikoni. Hawezi kuingia akanikuta nimeketi hapa, amenielekea."

"Imebaki nusu saa, Baba Dianah!"

"Naona," akasema. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari umeshika fimbo. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumshika mabega nimkalishe kwa nguvu. Lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba hakuwa anafikiri hata kidogo. Kuondoka kulikuwa mwilini mwake, kama kufumba jicho.

"Usiondoke," nikamwambia. "Nipe dakika mbili. Kwa ajili ya lile kosa langu, nipe mbili tu."

Nikatoka mbio kwa jikoni, nikamkuta bibi anakaribia mlango wa mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenisimamia njiani? Kuna msiba?"

"Hapana, bibi. Kuna ndege."

Akanitazama. Ana uso mdogo, umekunjamana kote, na macho makali yasiyo na haraka. Nikamweleza yote: ndege isiyo na injini, masaa matano, kompyuta inayoondoka kesho. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, nikitarajia anisukume kando. Hakunisukuma.

"Kwa hivyo yuko juu," akasema.

"Yuko juu, bibi."

"Na hakuna mwingine wa kumshikia."

"Hakuna."

"Akitoka kunipisha?"

"Itaanguka."

Akafikiri kidogo, akanikabidhi kuku. "Niletee kigoda. Nitakaa hapa nje, nimeelekea barabara. Mwambie asiondoke."

Nilimletea kigoda na maji. Kigoda alichukua, maji alikataa, akasema atakunywa mwenye nyumba akishashuka. Jua lilikuwa kali, lile jua la vuli linalochoma kabla ya mvua. Niliporudi ndani Mbithi alikuwa jasho tupu.

"Amekaa wapi?"

"Nje."

"Kivulini?"

Ningeweza kusema uongo. Sikuweza. "Juani," nikasema.

Akauma mdomo. Kidude kilinuna, ndege ilikuwa inapoteza kimo, naye hakuwa anakitafuta. Alikuwa anatazama kioo bila kukiona. Dakika kumi zikapita hivyo. Kisha pakawa na giza dirishani, bati likapigwa mara moja, mara mbili, na mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Mbithi akaanza kusimama. Si kwa kufikiri. Alikuwa amenyanyuka nusu, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine bado umegusa kijiti kwa ncha za vidole. "Mama mzee hawezi kunyeshewa mlangoni kwangu," akasema. "Nishuke. Yatosha, Bi Mwanaima. Yatosha." Saa yangu ilisema saa tisa kasoro dakika kumi na nne. Ndege ikaanza kuinamisha pua. Nilikuwa nalia, nakiri, nalia kwa hasira kwa ajili ya ndege ya kioo.

"Mwanaima!" Ile sauti ilitoka nje, chini ya dirisha, ikishindana na mvua. "Hiyo ndege yake ina viti vingapi?"

"Viwili, bibi!"

"Vimekaaje? Ubavu kwa ubavu?"

"La! Kimoja mbele, kimoja nyuma!"

"Wa nyuma anaona nini?"

"Anaona kisogo cha aliye mbele, bibi! Na mawingu!"

"Na wa mbele anamwona wa nyuma?"

Nikamtazama Mbithi. Alikuwa amesimama kama alivyokuwa, nusu juu, nusu chini. "Hamwoni," nikapiga kelele. "Hamwoni kabisa!"

Nikasikia kigoda kikiinuliwa. Kisha: "Basi nipitishe jikoni."

Mbithi aliketi. Aliketi polepole, akashika kijiti kwa mkono wote, akaivuta pua ya ndege ikainuka. Nyuma nikasikia mlango wa jikoni, nikasikia maji yakichuruzika sakafuni, kigoda kikiburutwa. Bibi Nzembi akaketi nyuma yake, hatua moja na nusu, kiondo mapajani, leso imemganda mabegani. Mbithi alikuwa ametazama mbele, shingo imekakamaa. Wakawa wameketi kama marubani wanavyoketi.

"Mwambie mkwe wangu asalimiwe," bibi akaniambia.

Alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Bibi anakusalimu," nikamwambia Mbithi.

"Mwambie mama namshukuru, na aniwie radhi kwa mvua."

"Anakushukuru, bibi. Radhi kwa mvua."

"Mwambie mvua si yake." Akatazama kioo juu ya bega la mkwe wake. "Mwambie nina neno. Nimekaa nalo miaka kumi na sita, na kulipitisha kwa binti yangu sikutaka, kwa sababu mwenyewe alichagua kunyamaza. Mwambie mwaka ule wa tumbo, yule rubani aliuliza, Mbithi yuko wapi, hiki si kiti chake? Nilisikia. Watu wakadhani nimezimia. Nilikuwa nasikia."

Nilifungua mdomo nirudie. Hakukuwa na haja, maana niliona mabega ya Mbithi.

Bibi akaingiza mkono ndani ya kiondo, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua. Lilikuwa shati jeupe. Ukosi ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa ya mgando, lakini lilikuwa limepigwa pasi, mistari ya mikono imesimama wima. "Waliniwekea mkoba wake chini ya kichwa," akasema, na sasa hakuwa anasema nami. "Nairobi ndipo nilipoufungua. Sabuni niliogea, nisamehe. Shati sikujua nilirudishe vipi. Kila mwaka nalifua na kulipiga pasi. Nikasema, harusi ya Dianah, pengine litapata njia." Akalitandika juu ya mgongo wa kiti cha Mbithi, taratibu, asimguse.

Mbithi alikuwa analia. Machozi yalishuka hadi kidevuni naye hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kijiti na mwingine alikuwa ameurudisha nyuma, umelishika shati. Taa ya sebuleni ilififia mara moja kwa ajili ya mvua. Nikasema Ya Rabi, si sasa. Ikarudi. Ndege ilikuwa futi mia tisa, na mbele palikuwa na shamba lililolimwa.

"Kinalia nini hicho?" bibi aliuliza.

"Kinasema tunapanda," Mbithi akajibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu bila mtu katikati. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwao pia. Tulikaa watatu tukipanda, bati likinguruma juu yetu kama injini ambayo ile ndege haina.

Kengele yangu ililia saa tisa kamili. Niliruka nusura niuvunje mkono wa kiti. Nikapiga kigelegele mpaka kuku akajibu jikoni.

"Yametimia," nikasema. "Masaa matano, bibi. Nishani ni yake. Anaweza kushuka sasa."

Mbithi alivuta pumzi ndefu, akaelekeza pua kwenye uwanja. Nikachukua daftari nitie sahihi yangu ya ushahidi. Hapo bibi akakohoa.

"Lazima ashuke?"

"Akitaka, bibi. Halazimiki."

"Siku ile walinilaza chali," akasema. "Watu wa kwetu wote huniita yule aliyepanda ndege. Watoto huniuliza, bibi, uliona nini? Sikuona kitu. Niliona dari ya ndege mpaka Nairobi." Akasogeza kigoda mbele kidogo, kikafika karibu kabisa na kiti. "Mwanangu, usishuke bado."

Mbithi hakugeuka. Aliinamisha bawa la kushoto polepole, kwa uangalifu, ili nchi yote ya chini ijae kwenye kioo, mto na mashamba na lile kanisa.

"Tazama upande huu, mama," alisema. "Tuanzie mtoni."

Mimi nilirudi kwenye daftari. Nikaandika tarehe, nikaandika muda, kimo nikaacha kwa sababu bado walikuwa wanapanda. Mahali pa abiria, ambapo kurasa zote palikuwa na kistari, niliandika Nzembi.